Kapu la Korutini

"Kaka, nimehamishia kila kitu kwenye korutini. Suala la kumbukumbu limekwisha."

Kijana aliyeniambia hivyo tunakaa naye meza jirani kazini, na ni mwandishi mzuri wa programu. Alikuwa ameandika kwa Rust sehemu ya seva inayopokea ombi, inalisoma, kisha inasubiri jibu kutoka seva nyingine. Nilimwomba kitu kimoja tu: aongeze mstari wa kuchapisha ukubwa wa korutini moja kwa baiti. Alitegemea mia moja, au mia mbili ikizidi. Skrini ikatoa namba iliyopita 8,200. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuzitaja sababu, na katika sababu hizo nikasikia karibu madai yote ambayo nimekuwa nikiyasikia kwa miaka kuhusu namna kompaila zinavyopanga kumbukumbu ya korutini. Nayajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa kupita.

Kwanza tuelewane kwa picha. Chukua karakana ya mafundi saa wenye meza moja. Fundi anakaa, anafungua saa, anatandaza skrubu na vijigurudumu. Akifika mahali pa kungoja kipuri kutoka dukani, anainuka kumpisha mwenzake, na chochote alichokiacha mezani kitafagiliwa. Kwa hiyo kabla ya kuinuka anatia kapuni vile atakavyovihitaji akirudi. Meza ni steki, ile sehemu ya kumbukumbu inayopanda kila fanksheni inapoitwa na kushuka inapomaliza. Kapu ni fremu ya korutini. Anayeamua kapu liwe kubwa kiasi gani, na kila skrubu ikae mfuko upi, ni kompaila, tena huamua kabla fundi hajatoka nyumbani.

"Korutini ni thredi nyepesi."

Hapana. Jina hilo alilibuni Melvin Conway mwaka 1958, na makala yake ya 1963 ilihusu kompaila ya COBOL. Tatizo lake lilikuwa la ndani ya programu moja: sehemu inayokata maandishi kuwa maneno na sehemu inayokagua sarufi, kila moja ilitaka kuandikwa kana kwamba ndiyo bwana na nyingine ndiyo mtumishi. Akaziacha zipokezane: hii inafanya kazi, inasimama, inampa mwenzake alichokipata, kisha inaendelea pale pale ilipoishia. Hakukuwa na thredi yoyote hapo. Korutini ni fanksheni inayoweza kusimama katikati na kurudi, basi. Kwamba leo tunazitumia kuhudumia maelfu ya miunganisho ya mtandao ni matumizi, si maana yake.

Nikiwa hapa hapa niwapinge na wale walio upande wangu. Wanaozisifia korutini hupenda hesabu hii: thredi ya Linux hupewa steki ya megabaiti 8, kwa hiyo thredi 10,000 zinahitaji gigabaiti 80. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, hitimisho si sahihi. Zile megabaiti 8 ni anwani zilizotengwa tu. Kumbukumbu halisi hutolewa kurasa kwa kurasa, kilobaiti 4 kila ukurasa, pale thredi inapougusa kweli. Thredi iliyogusa kurasa mbili imekula kilobaiti 8 za steki, ukiongeza na kilobaiti 16 ambazo kiini cha Linux kwenye prosesa za x86 za biti 64 hujiwekea kwa ajili yake. Si bure, lakini si gigabaiti 80. Kesi ya korutini ina nguvu ya kutosha bila kuipamba kwa namba za kutisha watu.

"Korutini zote ni kitu kimoja, tofauti ni lugha tu."

Kuna koo mbili, na hazipangi kumbukumbu kwa namna moja hata kidogo. Ukoo wa kwanza humpa kila fundi meza yake ndogo. Go iko huko. Kila gorutini, yaani korutini ya Go, ina steki yake, na tangu toleo la 1.4 la Desemba 2014 steki hiyo kwa kawaida huanza na kilobaiti 2. Ikijaa, hukua.

Namna inavyokua ndiyo yenye kisa. Mwanzoni Go iliongeza kipande kipya cha steki pembeni na kukiunganisha na cha zamani. Ilionekana mbinu ya akili sana, mpaka fanksheni fulani ilipoitwa ndani ya kitanzi ikiwa ukingoni kabisa mwa kipande: kila mzunguko kipande kinaongezwa, fanksheni inarudi, kipande kinaachiwa, mzunguko unaofuata kinaongezwa tena. Programu inatambaa na mwenyewe haoni kosa lolote kwenye msimbo wake. Watu wa Rust, ambao nao walikuwa wakitumia vipande, waliviacha mwishoni mwa 2013. Go ikaviacha katika toleo la 1.3, Juni 2014, na badala yake steki ikijaa hutafutwa eneo lenye ukubwa mara mbili, kila kitu kikanakiliwa huko, na vielekezi vyote vilivyokuwa vikielekea anwani za zamani vikarekebishwa. Hilo linawezekana kwa sababu kompaila ya Go huacha ramani inayosema, katika kila mahali panapohusika, ni nafasi ipi ya steki yenye kielekezi na ipi yenye namba ya kawaida. C haina ramani hiyo, ndiyo maana huwezi kuhamisha steki ya C namna hiyo na ukalala usingizi.

Ukoo wa pili ni wa kapu: C++, Rust, C#, Kotlin. Kompaila huichukua fanksheni, huikata kwenye kila kituo cha kungojea, na kuigeuza mashine ya hali. Kuna namba inayosema tumefika kituo cha ngapi, na kuna nafasi za kuhifadhi vitu. Madai mengi yaliyobaki yanahusu ukoo huu.

"Korutini zisizo na steki hazitumii steki."

Jina hilo la ukoo wa pili limewapotosha. Fundi mwenye kapu bado anafanyia kazi mezani. Korutini ya aina hii inapoendeshwa, hukaa juu ya steki ya yule aliyeiamsha, na fanksheni za kawaida inazoziita hupanda juu yake kama kawaida. Tofauti iko katika kuinuka: ikisimama haiachi kitu kwenye steki. Kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kusimama ikiwa ndani ya fanksheni ya kawaida iliyoitwa katikati, kwa kuwa fanksheni hiyo haina kapu. Ndiyo maana neno `async`, linaloitambulisha fanksheni kuwa korutini, huenea kwenye msimbo, kutoka fanksheni moja hadi inayoiita, mpaka juu kabisa. Wengi hulalamika kwamba ni ukaidi wa waliobuni lugha. Ni gharama ya kutokuwa na meza yako mwenyewe.

"Fremu hubeba vigeu vyote vya fanksheni."

Hapa ndipo kijana wangu alipojikwaa, japo kwa upande wa pili: yeye aliamini haibebi karibu chochote. Ukweli uko katika swali moja ambalo kompaila hulirudia kwa kila thamani: je, imezaliwa kabla ya kituo na itatumika baada yake? Ikiwa ndiyo, inaingia kapuni. Ikiwa imezaliwa na kufa baina ya vituo viwili, inabaki kwenye steki au kwenye rejista, na fremu haiijui kabisa.

LLVM, mtambo ulio nyuma ya Clang, huenda mbali zaidi ya hapo. Thamani ikiwa rahisi kukokotoa upya, kwa mfano anwani inayopatikana kwa kuongeza namba ndogo juu ya anwani nyingine iliyokwisha kuhifadhiwa, haihifadhiwi. Inakokotolewa tena korutini ikiamka, kama fundi anayeacha bisibisi akijua nyingine iko ukutani. Kisha vilivyobaki hupangwa upya kufuata ukubwa wao na mpangilio wa anwani unaotakiwa, ili mianya baina yake ipungue. Vitu viwili vikubwa ambavyo haviishi wakati mmoja vinaweza kupewa nafasi ile ile. Lakini angalia: kazi ya kugawana nafasi hufanyika unapoagiza kompaila iboreshe msimbo. Ukipima fremu kwenye msimbo wa majaribio, usiokuwa na maboresho, unapima kapu ambalo hakuna aliyelipanga.

Sasa turudi kwenye zile baiti 8,200. Fanksheni ya kijana ilikuwa na bafa mbili, kila moja baiti 4,096. Ya kwanza alisomea ombi, ya pili alisomea jibu. Kila usomaji ulikuwa na `await` yake, yaani kituo chake cha kungojea. Alipomaliza na ombi hakuigusa tena bafa ya kwanza, kwa hiyo alidhani kompaila itaona imekufa na kumpa ya pili nafasi hiyo hiyo.

Kompaila haikuona hivyo, na ilikuwa na haki. Bafa ile ilikuwa imeazimishwa, yaani kielekezi chake kilipewa fanksheni ya kusoma. Kompaila ya Rust, inapopanga fremu, ikishaona kigeu kimeazimishwa hukichukulia kuwa huenda bado kuna anayekielekea, mpaka mwisho wa mabano yake. Mabano ya bafa zote mbili yalikuwa ya fanksheni nzima. Kwa hiyo kwenye kituo cha pili zote mbili zilihesabiwa kuwa hai, na 4,096 mara mbili ni 8,192, ukiongeza vikorokoro vingine.

Akajaribu kuita `drop` juu ya bafa ya kwanza. Namba haikusogea. Safu ya baiti ni aina inayonakiliwa tu, hivyo `drop` ilipewa nakala, ikaitupa nakala, na bafa yenyewe ikabaki ilipo. Nilicheka, naye akacheka baada ya kuelewa. Dawa ilikuwa mabano mawili: akaifungia kazi ya ombi ndani ya mabano yake, na kazi ya jibu ndani ya mengine. Sasa bafa ya kwanza inakufa kabla ya ya pili kuzaliwa, kila moja ni hai kwenye kituo chake peke yake, na kompaila ikazilaza mahali pamoja. Namba ikashuka kwa baiti 4,096. Hakubadilisha hata hesabu moja ya programu.

"C++ hutenga fremu kwenye hipu kila mara."

Dai hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo huwakera watu sana. Katika C++20 korutini ikiitwa, kwa kawaida fremu huombwa kwenye hipu, ile sehemu ya kumbukumbu inayoombwa na kuachiwa programu ikiwa inaendeshwa. Mwanzoni mwake, kwenye kompaila kuu zote tatu, mna vielekezi viwili: kimoja cha msimbo wa kuendelea, kingine cha msimbo wa kuiharibu. Baada ya hapo huja kitu cha ahadi, namba ya kituo na vilivyohifadhiwa. Ila kompaila inaruhusiwa kuuondoa utengaji huo na kuiweka fremu ndani ya fremu ya aliyeita, ikiweza kuthibitisha kwamba maisha ya korutini yamo yote ndani ya maisha ya mwitaji, na kwamba ukubwa wake unajulikana pale inapoitwa. Kwa jenereta fupi inayozungushwa kwenye kitanzi, mwili wake ukiwa wazi mbele ya kompaila, hilo hutokea vizuri tu. Kwa kazi iliyokabidhiwa kwa mpangaji ratiba ili aiendeshe baadaye, au korutini iliyo kwenye faili lingine, usitegemee.

Kosa ni kulichukulia kama ahadi. Ni ruhusa. Nimeona mtu akibadilisha mstari mmoja usiohusiana, kompaila ikashindwa kuthibitisha ilichokuwa inathibitisha jana, na maombi ya hipu yakarudi kimya kimya.

"C++ ingetoa tu ukubwa wa fremu kama wa aina nyingine, shida iko wapi?"

Shida iko kwenye zamu. Katika Clang, fremu hupangwa katikati ya safari ya kompaila, baada ya maboresho kadhaa kupita na kufuta visivyohitajika. `sizeof` huulizwa mwanzoni kabisa, sarufi na aina zinapokaguliwa. Unauliza uzito wa kapu wakati fundi bado hajaamua anachobeba. C++ ilichagua fremu ndogo kwa gharama ya ukubwa usiojulikana mapema.

Rust ilichagua kinyume. Huigeuza korutini kuwa mashine ya hali kabla haijaikabidhi kwa LLVM, kwa hiyo ukubwa unajulikana, fremu ni thamani ya kawaida unayoweza kuiweka kwenye steki, ndani ya nyingine, au kwenye hipu ukitaka mwenyewe. Malipo yake ni kwamba baadhi ya vitu ambavyo LLVM ingekuja kuvifuta vimekwisha kupewa nafasi kapuni, na nafasi hiyo haifutiki tena. Binafsi naona Rust ilichagua vyema kwa wanaoandika mifumo midogo, na kwamba hakuna aliyekosea.

"Rust hailipishi chochote, kwa hiyo ni bora kuliko Go daima."

Kila lugha yenye waumini hupata dai la namna hii. `async` ya Rust ilithibitishwa katika toleo la 1.39, Novemba 2019, na kweli haikuombi hipu kwa siri. Lakini kapu la Rust lina ukubwa wa hali iliyo kubwa kuliko zote. Ukiwa na njia ya kawaida inayohitaji baiti 200 na njia ya nadra, labda ya kushughulikia hitilafu, inayohitaji kilobaiti 16, kila korutini itabeba kilobaiti 16 hata kama njia hiyo haitapitwa mwaka mzima. Zidisha kwa miunganisho 10,000: megabaiti 160 zinazosubiri hitilafu. Gorutini ingeanza na kilobaiti zake 2 na kukua kwa yule tu aliyepatwa na hitilafu. Dawa katika Rust ipo, ni kuiweka njia ya nadra kwenye hipu kwa `Box`, ila lazima ujue kwamba unaumwa ndipo unywe.

Fanksheni inayojiita yenyewe nayo hukutana na ukuta huu. Kapu lililo na kapu la aina yake ndani, nalo lina jingine ndani, halina ukubwa. Kompaila hukataa mpaka uweke kielekezi katikati. Go haioni shida hapo, kwa sababu meza yake hurefuka.

"Fremu ni rundo la data, ihamishe utakavyo."

Ukihamisha utavunja kitu. Bafa ya kijana ilikuwa kapuni, na kielekezi cha kwenye bafa hiyo kilikuwa kapuni pia. Hamisha kapu, kielekezi kitabaki kikitazama mahali pa zamani. Go huhamisha steki na kurekebisha vielekezi. C++ huiacha fremu pale pale kwenye hipu mpaka ife. Rust ilileta `Pin`, iliyothibitishwa Februari 2019 katika toleo la 1.33, ambayo ni makubaliano kwamba korutini ikishaanza kuendeshwa haihami tena. Wanaoilaani `Pin` kwa ugumu wake, nami nimewahi kuwa mmoja wao, wajue inazuia nini.

"RAM siku hizi si tatizo."

Kwenye seva ya kukodi, pengine. Lakini prosesa ya ATmega328P, iliyo kwenye ubao wa Arduino Uno, ina kilobaiti 2 za RAM kwa kila kitu. Steki ya kuanzia ya gorutini moja ingeimeza yote. Kwa vifaa vya namna hiyo Adam Dunkels wa Sweden alitengeneza protothredi, mbinu ya C inayotumia `switch` na makro kukumbuka tulisimama wapi, kwa gharama ya baiti 2 kwa kila moja. Baiti hizo mbili ni namba ya kituo, basi. Vigeu vya ndani havihifadhiwi hata kimoja: ukiinuka mezani, vimefagiliwa. Kompaila haijui kabisa kwamba kuna korutini hapo, kwa hiyo kila thamani itakayohitajika baada ya kituo, mwandishi huikumbuka mwenyewe na kuitangaza `static`. Akisahau moja, programu inakompailiwa bila lalamiko, inaendeshwa, na baada ya kituo cha kwanza inasoma takataka.